Maji Yaliyojificha Ndani ya Chumvi

Chumba cha Tatu, Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Taasisi ya Utafiti,
S.L.P. 318.

Jumamosi, 14 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mkaza mjomba ameniambia kwamba daktari amekukataza kupanda ngazi, na wewe bado unapanda kwenda kupangua vitabu vyako. Tulia basi, vitabu havina haraka. Sisi huku ni wazima. Presha ya mama imeshuka, anakula vizuri na anagombana na majirani kama kawaida yake, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Mimi nina habari, na sitaki kuzungukazunguka: nimeshinda, Mjomba! Ila huwezi kuuonja ushindi huu kabla sijakueleza jasho lililonitoka.

Unajua kazi yangu. Wao wanatafiti, mimi nachanganya. Chumba changu wanakiita jikoni, maana kila kimiminika kinachotumika hapa taasisini kinatoka kwangu, kwenye chupa zilizoandikwa kwa mkono wangu. Mwezi wa nne mambo yakaanza kwenda kombo. Kwenye chumba cha mimea, miche inayooteshwa majini ikawa na majani ya manjano, mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani. Kwenye chumba cha dawa, kimeng'enya, yaani enzaimu, walichokuwa wanakipima kikawa kinafanya kazi kwa kusuasua. Chumba cha maji nao wakapima maji ya bomba, yakaonekana magumu maradufu kuliko mwezi uliopita, na bomba ni lile lile.

Wote watatu wakaninyooshea kidole. Aliyepiga kelele zaidi ni mtafiti wa mimea, yule ninayemwita Bwana Majani. Hakuwahi kugonga mlango wangu hata siku moja, na siku hiyo aliingia kama kawaida yake, akaweka mche mezani kwangu.

"Dada, huu umeupikia nini?"

Mkurugenzi naye hakunificha. Aliniambia mkutano ni Ijumaa, na kama sina maelezo, jikoni patafungwa, dawa zitanunuliwa zikiwa tayari zimechanganywa, nami nitahamishiwa mapokezi. Mimi, Mjomba, nikae mapokezi nigawe vitambulisho vya wageni! Niliumia sana. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi.

Kisha nikafanya ulivyokuwa ukinifanyisha kwenye meza yenu ya chakula: nikaacha kutazama matatizo matatu, nikatafuta kilicho ndani ya yote. Katikati ya ule ukijani wa jani kuna magnesi. Kimeng'enya kile bila magnesi hakitendi. Na chumba cha maji wanapopima ugumu, wanalinganisha na kimiminika chenye magnesi ambacho nguvu yake inajulikana. Vyumba vitatu, lugha tatu, na watu ambao hata chai hawanywi pamoja, lakini wote wanakula chumvi yangu moja, salfeti ya magnesi. Ikiwa dhaifu, majani yanageuka manjano, kimeng'enya kinalegea, na maji yanasingiziwa ugumu.

Lakini iwe dhaifu vipi na mizani yangu haidanganyi? Karatasi ya vipimo niliyoibandika ukutani inasema gramu mia moja na ishirini kwa lita, nami ninapima gramu mia moja na ishirini. Nikaishika chupa mpya tuliyoanza kuitumia mwezi ule wa nne. Chumvi ya zamani ilikuwa unga mkavu. Hii ilikuwa punje zinazometameta, na nakiri kwamba ilipofika niliisifia, nikadhani tumeletewa ya daraja la juu. Unaweza kunicheka.

Mtunza stoo alikuwa amebandika stika ya namba ya rafu juu ya lebo. Nikaibandua kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na nukta, kisha saba, kisha H₂O. Nilipiga kigelegele peke yangu mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Maji, Mjomba! Kila chembe ya chumvi ile imebeba molekuli saba za maji mgongoni. Mizani ilikuwa inapima mbebaji na mzigo wake, nami nahesabu yote kuwa chumvi. Karatasi ile ilihesabu gramu, na wewe ulinifundisha kuhesabu moli, yaani chembe zenyewe. Kwa chumvi hii nilipaswa kupima gramu mia mbili arobaini na sita. Nilikuwa nawapa watu nusu ya walichoomba.

Ijumaa niliingia mkutanoni na mizani, kichomeo na kikombe cha kauri. Bwana Majani akauliza kama tunapikiwa chai. Nikapima gramu kumi mbele yao, nikachoma. Nikashika kioo cha baridi juu yake, matone yakaanza kutiririka. Kikombe kilipopoa nikapima tena: gramu nne nukta tisa. Mtunza stoo akatazama viatu vyake. Mkurugenzi akaomba apime mwenyewe, akapata hizo hizo.

"Tulikuwa tunataka kufunga chumba hiki," akasema taratibu, kama anayejiambia mwenyewe.

Nikachanganya upya mchana ule ule. Kabla ya saa za kazi kuisha, kimeng'enya kilikuwa kinakimbia. Kesho yake maji ya bomba yakarudi yalivyokuwa. Mimea ilinitesa kidogo, nilingoja wiki mbili, na sasa majani mapya ni ya kijani kibichi. Stika za stoo zinabandikwa chini ya chupa, na ile karatasi ya ukutani nimeichana, nikaandika nyingine kwa moli.

Mkurugenzi naye ametoa agizo: hakuna chupa kuingia kwenye utafiti wowote bila sahihi yangu. Jana asubuhi mlango wangu uligongwa. Ugongaji wenyewe niliushangaa. Kuitikia karibu, nikamwona Bwana Majani amesimama kizingitini na chupa yake mkononi, haingii.

"Samahani, Dada. Naomba sahihi."

Nikaikagua lebo, nikakagua hesabu, nikakagua tena bila sababu. Kisha nikaandika jina langu lote, la ukoo pamoja, taratibu, herufi kwa herufi, naye akasubiri.

Nisalimie sana mkaza mjomba na binamu zangu mapacha. Babu mpe mkono, mwambie nitamletea picha ya hicho kikombe. Mungu akulinde, alipoze goti lako, na akuache uishi miaka mingi ya kutukosoa hesabu.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye bila kipimo,

Kidomo
(jina ulinipa mwenyewe, lawama ni zako)