Mdomo wa Kuazima Ukweni

Shangazi Jedidah mpendwa,

Pokea salamu zangu na unisikilize mpaka mwisho, maana nimekwama na hapa Githongo sina mtu ninayeweza kumwambia haya asinicheke. Mimi ni mtu wa Kiritiri, shule niliiachia darasa la sita, na kwa miaka sasa nafanya kibarua katika kiwanda cha kahawa, nabeba magunia, naanika, nageuza kahawa juani mpaka jioni mgongo unakataa kunyooka. Nampenda msichana anaitwa Ntinyari, fundi wa kushona nguo hapa sokoni, naye ananipenda, na kusema kweli yeye peke yake ndiye aliyenizuia nisirudi kwetu kuchunga mbuzi.

Sasa hapa kuna utingo wa lori linalobeba kahawa, jina lake Lennox, na kazi yake ya pili ni kutunga maneno. Shangazi, huyu mtu ana neno lake kwa kila kitu na maana anakupa papo hapo bila kuulizwa, anakaa kwenye kibanda cha chai na vijana wanamzunguka kama anagawa mahindi ya msaada. Msimamizi wetu anamwita "kifuniko", maana anakaa juu na hana kitu ndani. Kulala njaa ni "kuendesha bila taa". Ukimwona mtu usiyemtaka ukapita kama hujasikia anakuita, hiyo ni "kuchomoa antena". Mwalimu wa kwaya ni "pampu", kazi yake ni kujaza wengine hewa. Anasema hii ndiyo lugha ya Nairobi, ingawa Bundi ninayebeba naye magunia anaapa kwamba Lennox hajawahi kupita Thika. Na ubaya zaidi ni kwamba maneno yenyewe hayadumu, ukilishika moja leo, ukilisema wiki ijayo unachekwa, "Kivuti, hilo lilizikwa, wewe umelifukulia wapi?" Nilichekwa mpaka nikaanza kuamini kwamba yeye ndiye ajuaye kusema na mimi ni gogo tu.

Basi Ntinyari akaniambia baba yake, Mzee Kathuri, yuko tayari kutupokea. Unajua siku hiyo mwenye kuoa hasemi, anakaa kimya na mtu wake anamsemea. Mtu wangu wa haki ni baba mdogo Ireri, ndugu wa marehemu baba, lakini yeye yuko Kiritiri, anachoma makaa, kucha zake hazitakati hata kwa Krismasi, na Kimbeere chake, lugha ya kwetu, anakivuta kama ng'ombe anayepandishwa mlima, nami nikaogopa watu wa huku Imenti watamcheka. Lennox akaniambia, "Achana na wazee wa makaa, bwana. Mimi hao nitawapiga msasa mpaka wang'ae." Nikakubali.

Tulienda na kibuyu cha asali kama ilivyo desturi ya huku, mimi, Lennox na Bundi. Wazee wa ukoo na wajomba wa Ntinyari walikuwa wamejaa chumbani, na mama yake, Celina, alikuwa ameketi karibu na mlango. Maombi yalipoisha Lennox alisimama hata kabla ya kukaribishwa, akasema, "Wazee, sisi ni lori tupu, tumekuja kupakia." Kisha akaeleza maana. Akasema Mzee Kathuri ni "handibreki", maana asipoachilia gari haliendi. Mama Celina eti ni "jenereta", maana ananguruma kutwa lakini bila yeye nyumba ni giza. Mahari akayaita "petroli". Na Ntinyari, Shangazi, mbele ya wajomba zake, akamwita "kilomita sifuri", na hilo pia akalieleza.

Aliyecheka ni yeye peke yake. Mjomba mmoja akamuuliza, "Kijana, hapa umeona garaji?" Lennox akajibu, "Mzee, hii ni lugha ya siku hizi, utaizoea tu." Ndipo Mzee Kathuri akanigeukia mimi, akasema, "Mdomo wenu ni huyu? Hamna mwingine?" Akakaa ananitazama, nami kwa kuwa desturi inanikataza kusema nikatazama viatu vyangu. Tukaletewa chai, tukanywa, hakuna aliyetaja jambo tena, tukaaga. Asali tuliiacha pale kwenye kona, hawakuifungua, hakuna hata aliyeigusa.

Jumapili nilimngoja Ntinyari nje ya kanisa, akaniambia tu, "Yule redio wako usimlete tena kwetu," akaenda zake. Lennox anasema nimtoroshe, eti kwa lugha yake hiyo ni "kuruka kizuizi", ama nimpe nafasi nyingine awatungie wazee maneno matamu zaidi. Bundi anasema nimeshakataliwa, nifunge mizigo. Nimtoroshe, nirudi na Lennox tuombe msamaha, ama niende kwetu nikamsahau? Nisaidie kabla sijafanya ujinga mwingine.

Kivuti, Githongo

*

Kivuti,

Pole. Hiyo pole ni ya mgongo wako na magunia, usiipeleke kwingine. Hayo mengine umejitakia.

Lennox simlaumu sana. Kwenye kibanda cha chai mahali pake ni pazuri, na huyo msimamizi kifuniko hata mimi amenichekesha. Lakini wewe umemsikiliza muda wote huo, unajua hawezi kumtaja binadamu bila kumgeuza kifaa cha gari, halafu ukamchukua huyohuyo ukamsimamisha mbele ya baba wa mtu! Ulitarajia nini? Maneno yake yenyewe hayamalizi wiki, na wewe unatafuta mke wa maisha. Je, mzee angeuliza, "Huyu Kivuti ni wa nani, na akigombana na mkewe tumwite nani?" Lennox angejibu nini? Hajui hata ukoo wako. Angetunga neno.

Tena usijifiche nyuma ya desturi. Desturi inakukataza kujisemea mahari. Haikukatazi kufungua kinywa na kusema, "Wazee, nimekosa, nisameheni." Mwenye nyumba alikutazama akikungoja, nawe ukahesabu matundu ya kamba za viatu. Mama wa watu ametukanwa mbele ya mashemeji zake, msichana amepimwa kama gari la kuuzwa, na bwana harusi yuko kimya, anakunywa chai! Hata sukari uliionja?

Lakini kilichonikera kuliko vyote ni baba yako mdogo. Umemwonea aibu kwa sababu ya makaa. Wewe na hizo kahawa unazogeuza, kucha zako ni za rangi gani, bwana mkubwa? Wazee wa Imenti hawakuomba mtu anayeng'aa. Walitaka mtu atakayesema, "Kijana huyu ni damu yangu, akimtesa mtoto wenu njooni kwangu, mlango wangu ni ule." Neno hilo hata likisemwa kwa Kimbeere cha kuvutwa litaeleweka. Ukweni hakuna aliyewahi kufukuzwa kwa kusema polepole.

Sasa sikiliza jambo ambalo wewe na washauri wako hamkuliona. Mimi nimeolewa huko Imenti, nimeketi katika vikao vingi vya namna hiyo. Nyumba ninazozijua mimi, ukikataliwa asali yako unarudishiwa, unabebeshwa siku hiyohiyo na majirani wakiona. Ukikubaliwa inafunguliwa. Yako haikufunguliwa wala haikurudishwa. Imekaa kwenye kona ya Mzee Kathuri, naye anaipita kila siku akienda kulala. Mzee hajakukataa. Anangoja mtu mzima aje. Na Ntinyari amekwambia vivyo hivyo, isipokuwa wewe ulikuwa unajihurumia. Hakusema usije. Alisema usimlete yule. Mwambie Bundi abebe magunia, habari ya kukataliwa awaachie wenye nyumba.

Kumtorosha usithubutu. Utarudi kwa wazee walewale, safari hiyo ukiwa mwizi, na Celina hajakusamehe hata lile la kwanza.

Omba ruhusa kazini, uende Kiritiri wewe mwenyewe, si kutuma salamu. Mweleze baba yako mdogo kila kitu, pamoja na kwamba ulimwonea aibu. Atakutukana. Mwache amalize. Mje naye pamoja na mzee mwingine wa ukoo wenu, na nguo zake zilezile, usimvalishe suti ya kuazima, umeshaazima vya kutosha. Mkifika, kabla mahari hayajatajwa, Mama Celina apewe leso ya kujifunga na aombwe radhi kwa jina lake alilobatizwa nalo. Uombe wewe, kwa kinywa chako. Baada ya hapo keti mwisho wa benchi unyamaze, umwache mzee aseme kwa mwendo wake hata kama jua litazama.

Na baba yako mdogo akikataa kuja, usiniandikie tena. Baki naye hukohuko, mpasulie magogo, mbebee makaa mpaka sokoni ukiwa mweusi hivyohivyo mbele ya watu, mpaka siku atakapokuambia, "Haya, twende tukamwone huyo msichana."

Shangazi Jedidah