Pigo Nililokunyima

Mwakio mwanangu,

Tangu tukuzike sijashtuka hata mara moja. Mimi na wafu tumezoeana.

Haya, uongo. Jumapili nilitoka mbio nyumbani kwako Mbololo, kiatu kimoja nikakiacha mlangoni, mkeo akanicheka mpaka akalia. Ama alilia kwanza, sijui.

Alikuwa amefungua kompyuta yako, ile uliyoiandikia programu ya kujifunza mikono yangu. Unakumbuka ulivyonikalisha siku tatu, maiki mbili juu ya ngoma, wewe na hedifoni masikioni kama rubani? Nikakuuliza, "Wewe ni mwanamuziki gani huna hata jasho?" Ukajibu, "Mzee, jasho ni lako, stima ni yangu." Mjinga wewe.

Sasa nikuungamie. Nilimwapia marehemu baba yako, mwalimu wangu, kwamba ngoma yake ya mwazindika nitakupa yote. Sikukupa. Yeye aliponifundisha, nilimpelekea kwanza kibuyu cha pombe ya mbangara, ndipo akanionyesha pigo la mwisho, la mkono wa kushoto, linalochelewa kidogo kama mtu aliyerudi kuchukua kofia. Wewe, kwa vile umeokoka, ukaniletea soda ya machungwa. Nikasema moyoni, basi na iwe ngoma ya soda. Pigo nikalificha. Nikangoja uje na kibuyu, hata cha uji ningekubali. Ukaletwa ndani ya jeneza.

Lakini Jumapili mashine ilipiga. Mikono yangu kabisa, mpaka ukucha wangu uliopasuka unausikia. Ikafika mwisho. Ikachelewa kidogo. Ikapiga.

Mwakio, hilo sikulipiga mimi.

Mkeo anasema programu hubahatisha kinachofuata. Hubahatisha! Na ile pumzi uliyokuwa ukivuta ukisikia kitu kitamu, niliyoisikia kwenye spika, hiyo nayo ni bahati? Tangu siku hiyo mkono wangu wa kushoto hautulii. Hata nikishika kikombe, unachelewa.

Sasa nakuahidi: binti yako Wakesho nitamfundisha yote, kwa ngozi na kwa mkono, bila kibuyu, bila soda. Nimeshamwambia aje Jumamosi.

Pumzika, mwanangu. Usinivutie pumzi tena, nitakufa kabla ya Jumamosi.

Ila nilibeba jeneza lako upande wa mteremko, na goti langu unalijua. Kwa hilo nikudai kitu kidogo tu: baba yako akikuuliza kama nilikupa yote, sema ndiyo.