Kuachana Bila Kikao

Kaka Faustin,

Nakusalimu wewe na mke wako, na wote wanaolala chini ya paa lako. Mgongo wa Mama unaendeleaje na baridi ya huko juu? Ng'ombe wamesharudi kutoka malisho ya upande wa Kalembe, au bado mnawakamulia huko? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Kazi ipo, chakula kipo. Ninachokosa ni watu wa kula nao.

Barua hii anakuletea Mama Aline, yule mwenzangu wa Bweremana ninayesali naye huku Uingereza. Yeye ana pasi ya hapa, anaenda na kurudi apendavyo. Ningeweza kupiga simu, lakini kuna neno limenishinda kulisema huku unanisikia. Nitalifikia.

Bado niko kwenye kiwanda cha jibini. Ungeniona ungecheka: nilikimbia fromaji ya Papa wetu huko nyumbani nikavuka bahari, nikaja kugeuza fromaji ya wazungu. Kila asubuhi nazigeuza moja moja kwenye mbao zake. Kuna siku harufu inakuwa ile ile ya chumba cha Papa, nami husimama pale nikitamani nyumbani mpaka machozi yanitoke.

Nchi hii inataka kujitoa katika umoja wa nchi za Ulaya. Walishapiga kura, walio wengi wakasema tutoke. Sasa ugomvi ni namna ya kutoka. Wengine wanasema tupatane kwanza na wenzetu. Wengine wamechoka, wanataka kutoka hata bila mapatano. Bosi wangu anaogopa jibini zake zitakwama mpakani. Margaret, mama mzee ninayefanya naye kazi na anayeniletea jamu kila Jumatatu, anasema watoke hata kesho. Nikamwuliza, na mimi je, niliyeingia kwa pasi ya Ubelgiji? Akanishika bega, akasema hawanisemi mimi. Niliumia, kaka, kwa sababu najua ananipenda kweli.

Basi ukaitishwa mkutano katika ukumbi wa mji, kila upande useme lake. Nikawaza: hawa ni watu wanaotaka kuachana, watahitaji kitu cha kupoza maneno. Si unakumbuka dada yetu Riziki alipoachana na mume wake? Hakuna aliyefungua kinywa kabla maziwa hayajazunguka kwa wazee wa koo zote mbili. Nikagandisha maziwa lita tano yawe mtindi, nikaenda na ndoo yangu na vikombe.

Mlinzi akanizuia mlangoni. Kumbe siku hizo watu huku walikuwa wakiwamwagia wanasiasa maziwa mazito ya sukari ili kuwachafulia suti! Akadhani nami nimekuja na silaha. Nikamweleza kuwa haya ni ya kunywa. Akafunua, akanusa, ndipo akazidi kuniogopa. Margaret ndiye aliyenitetea: alichota kikombe akanywa mbele yake, uso ukamkunjamana, akameza. Hata hivyo ndoo ilibaki nje.

Ndani walipigiana kelele mpaka mwenyekiti akazima kipaza sauti. Hakuna aliyeuliza kile tunachouliza sisi kwanza, yaani watoto watalala wapi na ng'ombe watagawanywaje. Margaret na bosi walitoka kila mmoja kwa mlango wake, na tangu siku ile hawasalimiani.

Sasa neno lenyewe. Uliponipigia simu juu ya harusi ya binti yako uliniambia, "Neema anasema bila weye hatatoka mu nyumba. Shangazi njo anamutosha bibi-arusi, haiko mama yake." Nikakujibu nitakuja kumtoa nyumbani, kama shangazi apasavyo. Nilikuwa nimeshaona nguo ya kuvaa. Lakini karatasi yangu ya kukaa huku haijatoka, na siku waliyopanga kujitoa inaangukia juma lile lile la harusi. Mama anayesaidia wageni ameniambia wazi: wakijitoa bila mapatano nikiwa huko, hajui kama nitafunguliwa mlango nikirudi. Nikikosa kazi hii, dawa za Mama zitatoka wapi?

Sitakuja, kaka. Nimeandika mara tatu nikichana.

Mpe Riziki amtoe Neema. Najua wazee watasema mwanamke aliyeachika hamshiki bibi harusi mkono. Waambie mimi nimeona watu wakubwa, wenye shule na suti, wameshindwa kufanya alichofanya Riziki. Yeye alikaa chini, akasikiliza, ng'ombe wa mahari wakarudishwa mchana kweupe, na mpaka leo mama mkwe wake wa zamani humpelekea maharage. Neema atajifunza nini kwangu ambacho hatakipata kwake?

Nisalimie Mama, umwambie avae sweta ya bluu, asiitunze sandukuni. Nisalimie mkeo, na yule mchungaji wetu wa ng'ombe mwenye maneno mengi, na katekista aliyenifundisha kusoma. Wakwe zetu wapya wa Kalembe uwapokee vizuri, hata wakichelewa.

Nguo niliyonunua amebeba Mama Aline. Ilikuwa yangu, lakini Riziki tunalingana kimo. Mvalishe. Neema akiuliza niko wapi, usimwambie niko njiani.

Mimi dadako,
Vumilia