Kanga Mbili za Kushikilia Kizazi

Kizazi changu kimeshuka. Kimeshuka mpaka kinachungulia nje, na nimekificha miezi minne.

Haya, nimesema. Sasa hamjambo. Leo Jumapili, mvua inanyesha hapa Kitaji tangu asubuhi, ziwa limekuwa rangi ya majivu, na mimi nimekaa upande mmoja wa kiti kama mtu aliyekalia yai.

Mnaonisoma humu mnanijua. Mimi ndiye Mama Nyafuru, yule mwenye binti anayesomea uuguzi Bunda, na nimeshawachosha na habari zake. Nyafuru amefaulu, Nyafuru amevaa sare nyeupe, Nyafuru amechumbiwa na kijana wa Butiama mwenye adabu na ng'ombe. Humu sijawahi kuandika jambo la kunishusha. Leo naandika kwa sababu nikinyamaza tena nitakufa, na kufa sitaki, sijacheza harusi ya mwanangu.

Ilianzia mwaloni, kule mitumbwi inakoshushia samaki. Nilikuwa nanyanyua debe la dagaa niliweke kichwani, kama nilivyokuwaga nikifanya miaka yote, nikahisi kitu kimeteleza huko chini. Nilipokwenda kuoga nikakigusa. Cha mviringo, kigumu kidogo, kama ncha ya pua.

Nikajua ni kansa. Au nimechezewa na mtu.

Sikumwambia yeyote. Kwetu mambo hayo mama hazungumzi na mtoto aliyemzaa. Ni ya shangazi na bibi, na wangu wote tumeshawazika Suguti. Mume naye unamwambia unaanzia wapi? Baba Nyafuru anashona nyavu kutwa, mtu wa maneno machache, na mimi mwenyewe ndiye niliyemzoesha kwamba mke wake haumwi.

Basi nikajitibu. Kila nilipojifungua, mama mkwe alikuwa ananifunga tumbo kwa kanga, anakaza huku ameniwekea goti mgongoni, ili tumbo lirudi. Nikaona dawa ni hiyohiyo. Kila asubuhi nikawa naikunja kanga, naikaza kiunoni mpaka pumzi inakuwa fupi. Na chakula nikapunguza. Mimi nilijua tumbo ni mfuko mmoja, juu chakula, chini mtoto. Nikawaza ugali ukijaa juu utakisukuma cha chini kitoke. Nikawa nakunywa uji tu jioni.

Jumuiyani wakauliza mbona nakonda. Nikasema nimefunga, naombea uchumba wa Nyafuru. Wakanipigia makofi. Mwenyekiti akasimama akasema kina mama tuige mfano huu.

Nikayapokea yale makofi. Mungu anisamehe.

Wifi yangu yeye alinipima kwa macho, juu mpaka chini. "Wifi, kiuno hicho umekiazima wapi? Mkwe akija atachanganya bibi harusi ni nani!" Nikacheka sana, huku nimebana mapaja.

Na kadiri nilivyokaza kanga, ndivyo kitu kilivyozidi kushuka. Nikaona sijakaza vya kutosha. Nikaongeza ya pili.

Ijumaa Nyafuru akaja kutoka Bunda kunisaidia maandalizi ya wageni wa mahari. Jana asubuhi nakanda ngano ya maandazi, akaja nyuma kunikumbatia, mikono yake ikakutana na lile fundo. Nikasema mgongo unaniuma. Akazifungua zile kanga moja moja, akaona ile ya ndani ina unyevu na damu kidogo kwa chini, akaenda kufunga mlango wa jikoni.

"Mama, nini kinatoka?"

Nilitaka kumfokea. Machozi yakanitangulia.

Mwili wangu sikumwonyesha. Tulikubaliana hilo ni la daktari. Lakini akachukua ngano yangu, akaiweka kwenye sinia, akaanza kufinyanga. Akaanza na nje. Mashavu mawili makubwa, ndani yake mawili madogo, juu yanapokutana akaweka kidonge kidogo, akasema hiki ni kinembe. Mimi nikatazama dirishani.

"Mama, tazama. Ni ngano tu."

Nikatazama. Akachoma kwa njiti ya kibiriti, akaniambia tundu la mkojo. Chini yake uke. Nyuma kabisa, haja kubwa. Matundu matatu.

"Mawili," nikamwambia.

"Matatu, mama. Mkojo una tundu lake."

"Mimi nimezaa watano! Wewe umezaa wangapi?"

"Hata mmoja. Lakini nimesoma, na ada umenilipia wewe."

Akaendelea na ndani. Uke ni njia. Mwisho wa njia kuna kizazi, kadogo, kama parachichi lililogeuzwa, shingo imeelekea chini. Mbele yake kibofu cha mkojo, nyuma yake utumbo wa haja. Tumbo la chakula liko juu huko, mfuko mwingine kabisa. Na chini ya vyote hivyo kumetandazwa misuli inayovibeba, mfano wa wavu wa baba. Wangu umelegea, kwa uzazi na kwa madebe. Akasema nilichokigusa huenda ni ile shingo, lakini lazima daktari aone, yeye hawezi kuapa.

Kisha akachukua mfuko mtupu wa unga, akakata chini, akatumbukiza donge la ngano, akakunja kule chini kidogo. Akachukua kamba akaufunga mfuko katikati, juu ya donge, akakaza.

Donge likadondokea kwenye sinia.

Sikubisha tena. Miezi minne nilikuwa nakisukuma mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa kanga zangu nzuri, na njaa juu.

Nimefika darasa la saba. Tulichoraga sehemu za ua, nikazipata zote, mwalimu akaonyesha daftari langu darasa zima. Za kwangu hakuna aliyenichorea. Mimi ninayejisifu kwa tumbo lililozaa watano wazima, sikujua wanangu walikaa wapi.

Leo tulipotoka kanisani nimemwambia Baba Nyafuru. Nimesema haraka, kama mtu anayetapika. Akatazama mikono yake. Nikasubiri aulize mbona nimemficha. Hakuuliza. Akasimama, akachukua ndoo, akaenda bombani kwenye mvua ileile. Akarudi nayo begani, maji yanammwagikia, na kina mama wa Kitaji wanamcheka kutoka barazani: "Baba Nyafuru, umeolewa lini?" Akawaambia, "Leo." Akaenda mara ya pili. Na ya tatu.

Nimelia kuliko jana.

Keshokutwa Jumanne ananipeleka hospitali. Nyafuru anasema kuna kipete cha mpira wanawekaga ndani kishikilie, kuna mazoezi ya misuli, na ikishindikana kuna upasuaji. Mengine yote nimeyasikia, ila hilo neno la mwisho ndilo lililobaki kichwani. Wakikitoa kizazi je? Mwanangu anasema uke ni kitu kingine na kizazi ni kitu kingine, nitabaki mzima. Naelewa kwa ngano. Kwa moyo bado sijaelewa. Naogopa mpaka vidole vinakosea herufi.

Na wale wa Butiama wanaleta mahari Jumamosi hii. Nimetangaza mtaa mzima kwamba nitawapokea na chungu kichwani nikicheza kutoka barabarani mpaka mlangoni. Nilitaka kuahirisha hospitali. Nilitaka hata kudanganya tena, nijifunge mara moja tu, siku moja tu, kisha ndiyo nitibiwe. Kanga ziko pale kwenye kamba, zimefuliwa, mvua inazipiga. Nimezitazama sana.

Sizichukui. Wifi ndiye atakayebeba chungu, na nitamwambia sababu yake, kwa ngano ikibidi. Jumuiyani nitasema nilidanganya. Mimi watanikuta nimekaa, nimekula nimeshiba, tumbo halijafungwa.

Jumamosi wanakuja wote.