Tulikimbia na Mizigo Kichwani

Jumapili, saa kumi za jioni. Mvua imekatika sasa hivi, na milima nyuma ya mji imeoshwa mpaka unaona shamba moja moja la muhogo. Miguu inaniuma. Acha iume.

Umeme haupo na chaji ya simu imebaki kidogo, lakini lazima niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Jana tuliwakimbiza watu wa mtaa wa Kasenga.

Wanaonisoma wanajua kwamba kikundi chetu cha chuo kinakimbia kila asubuhi. Mimi niliingia kwa aibu: mwaka wa pili wa uuguzi, namwambia mama mjamzito afanye mazoezi, na mimi mwenyewe nikipanda ngazi nashika ukuta. Espoir, kiongozi wetu, ndiye aliyesema mbio zisiishie kwenye jasho tu. Kuna shule moja ya msingi Kasenga ambayo madarasa yake yamejaa watu waliokimbia vita kule bondeni, kaskazini mwa mji, Luberizi mpaka Kamanyola. Tukapita kwa wenye maduka wa Kavimvira, mwisho wa mji upande huo huo wa kaskazini, kuomba. Wakatoa nguo. Wakaahidi pia kuwapa watu hao mche mmoja wa sabuni kwa kila mmoja wetu atakayekimbia kutoka kwao hadi shuleni bila kutembea hata hatua moja.

Na nguo zibebwe na nani? Espoir alisema tuzibebe wenyewe, mzigo nao ni mazoezi. Tukazifunga kwenye vitenge, wasichana kichwani, wavulana begani.

Hebu fikiria picha hiyo. Vijana kumi na wanne wanatoka kaskazini, upande wa vita, mbio, na mafurushi, na hawasimami kwa sababu ya sabuni.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza tunafanana na nini. Na sote tumezaliwa hapa, sote tumewahi kubebwa mgongoni usiku wa kukimbia vita. Ndilo linalonishangaza mpaka sasa: mtu anasahau vipi kitu alichokulia ndani yake?

Mwanzoni nilifurahi. Niliona watu wanatoka nyumbani, wengine wanakimbia nyuma yetu, nikadhani wametupenda. Nikakaza mwendo. Kisha akanipita baba mmoja na godoro kichwani.

Tulipofika shuleni, uwanja ulikuwa mtupu. Moto ulikuwa bado unatoa moshi, na kando yake maharagi yamemwagwa chini, nusu yameiva. Nilijua ni ya nani. Mama Riziki, mkulima wa mpunga wa Luberizi, alikuwa akipika mahali pale pale kila asubuhi tulipopita na mbio zetu. Ndiye anayenitania, akiniita mwanangu kwa lugha ya kwao: “Noella mwana wanje, unakimbiaka kila siku, na kiuno kingali pale pale!” Alikuwa amemwaga chakula cha watoto wake ili aokoe sufuria.

Sisi ndio tuliokuwa tunawaletea msaada.

Espoir alisema kwa sauti ya chini, “Tunyamaze. Hakuna mutu anajua ni sisi.” Nami nikanyamaza. Tukarudi chuoni na mafurushi yetu.

Jioni ile ile wengi walirudi, lakini Mama Riziki hakurudi. Leo baada ya misa nikashika njia ya kusini hadi Kalundu, mwisho mwingine wa mji, nikimuuliza kila niliyekutana naye. Nilimkuta kwenye uwanja wa kanisa, yeye na watoto watatu na sufuria, wamelowa. Aliponiona akainuka kunikumbatia.

“Weye pia ulipona? Mungu iko!”

Hapo ningeweza kuitikia tu kwamba nilipona. Nakiri kwamba nilipima kwanza. Kisha nikasema, “Mama, ni sisi. Tulikuwa tunafanya sport.” Nikaeleza yote, hata sabuni.

Alikaa tena chini, akatazama ndani ya sufuria. Kisha akauliza, “Na maharagi yangu?”

“Mbuzi wameyamaliza, Mama.”

Akacheka. Akacheka mpaka machozi, halafu machozi yakaendelea bila kicheko. Nikamshika mkono, na kwa mazoea vidole vikatafuta mapigo. Siku nzima imepita, mtu amekaa chini, na moyo ulikuwa bado unakimbia. Niliona haya kuliko siku yoyote maishani mwangu.

Lakini mimi ni mimi, swali halikai mdomoni. Nikamuuliza alijuaje, wakati hakuna risasi iliyolia.

“Masasi unaisikiaka ukiisha kuchelewa,” alisema. “Minye naangaliaka mutu. Iko na muzigo, anatoka upande wa kwetu, hasimame kusalimia. Basi, siulize tena.”

Akajifuta uso na pembe ya kitenge. “Kama munataka kukimbia, muanzie huku Kalundu, mupande kule juu, upande wa kwetu. Hakuna mutu anakimbiaka vita kwa kuifwata.”

Darasani tumefundishwa dalili za magonjwa mengi. Hii ya mama huyu haimo kwenye daftari lolote, nami nimeiandika.

Tulirudi pamoja kwa miguu, yeye na sufuria, mimi na mtoto mdogo mgongoni. Tulikwenda polepole na kumsalimia kila mtu. Nilipomweleza Espoir alikasirika, kisha akaniuliza kama Mama Riziki anapenda maharagi meupe au mekundu. Jumamosi tutakimbia tena. Tutaanzia Kalundu, mikono mitupu, mafurushi yapande pikipiki. Na tutasimama kusalimia, hata kama sabuni itatupotea. Wenye maduka tutawaomba upya.

Nilimweleza Mama Riziki mpango huo mlangoni mwa darasa analolala. Akauliza tutaishia wapi. Nikasema hapa hapa, Kasenga.

“Mbona karibu hivyo? Siku moja muendelee mpaka Luberizi. Minye nitakuja nyuma yenu.”

Luberizi si karibu, na mimi bado nahema kwenye ngazi. Kesho kabla jua halijatoka Burundi, ng'ambo ya ziwa, nitafunga viatu, nione naweza kuongeza kiasi gani.