Picha ya Ubongo wa Mtu Asiyejua Kupumzika

Jumanne, tarehe 9 Septemba. Mwaka mmoja, miezi minne na siku sita tangu niondoke Iramba. Jua kali tangu asubuhi, na moshi wa mashamba yanayochomwa umetanda ziwani mpaka milima ya Kongo haionekani. Nina hasira. Naandika kwa kidole gumba cha kushoto, kwa hiyo hata hasira yenyewe inakwenda polepole.

Kwa anayeingia ukurasa huu mara ya kwanza: nilikuwa kuli. Nilipakia saruji kwenye maboti ya Bujumbura na Kalemie. Mwezi wa nne mwaka huu nilianguka kwenye ubao wa kupandia botini, mfuko ukiwa begani. Kiharusi. Mguu ulirudi baada ya wiki chache. Mkono wa kulia haujarudi.

Mke wangu, Mama Neema, hajui.

Nimemwambia kazi imenibana. Niliondoka nyumbani na mikono miwili, nikaapa sirudi na mmoja.

Hospitalini wapo watafiti wanaochunguza jinsi ubongo unavyobadilika wakati mkono wa mgonjwa wa kiharusi unapojaribu kurudi. Anayewaongoza ni Daktari Rehema, katoka Dar, umri wa mdogo wangu wa kike. Unakaa kwenye kiti, unavishwa kofia ya mpira yenye vitaa vidogo. Vitaa hivyo vinamulika ndani ya kichwa na kupima damu inakokwenda. Mbele yako wanaweka kikombe. Anasema "jaribu", unanyosha mkono ukifikie. Anasema "pumzika", unaacha. Jaribu, pumzika, jaribu, pumzika, nusu saa nzima. Kwenye kompyuta ubongo unaonekana umepakwa rangi, na panapofanya kazi panakuwa pekundu.

Nimekwenda mara nne. Leo ilikuwa ya tano. Kabla hatujaanza alinigeuzia kompyuta nione picha za mara zilizopita.

Nyekundu kila mahali. Wakati wa kujaribu, nyekundu. Wakati wa kupumzika, nyekundu ileile.

"Baba Neema," akasema, "nikikwambia pumzika, huwa unafanya nini?"

"Najikaza, daktari."

"Unajikaza?"

"Naendelea kuuvuta huu mkono kimoyomoyo. Usiku na mchana nauvuta."

Akashika kichwa. Mwanafunzi wake aliyekuwa anaandika akacheka, akajifanya anakohoa. Daktari akasema vipimo vyote vinne havina maana, kwa sababu wanalinganisha kujaribu na kupumzika, na mimi sikupumzika hata dakika moja. Akasema nimewaharibia.

Nimewaharibia! Mimi!

Hakuna aliyeniambia kupumzika nako kunapimwa. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita, lakini bandari naijua. Bandarini ukisimama, nyapara anakuonyesha barabara. Kumi na tisa wako getini wanangoja nafasi yako. Nilipoanza kuburuta mkono baada ya kuanguka, nyapara wetu alisema mbele ya watu, "Huyo anajifanya." Mwanamume mzima, mate yananitoka upande mmoja, najifanya. Sasa unikalishe kwenye kiti, watu wawili wasimame nyuma yangu na karatasi, halafu useme pumzika? Mwili wangu haujui neno hilo likisemwa na mtu mwenye karatasi.

Nikamwambia hivyohivyo. Sauti ilipanda, naungama. Na ulimi wangu bado mzito, kwa hiyo maneno yalitoka kama nimelewa, jambo ambalo liliniongezea hasira.

Daktari akavuta kiti akakaa mbele yangu, akamtoa mwanafunzi nje, akaweka karatasi zake chini ya meza. Akasema, "Basi kosa ni langu. Tuanze upya. Safari hii nikisema pumzika, fikiria umeshatua mzigo na boti limeshaondoka."

Boti limeshaondoka. Hilo nililielewa.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko saruji. Mara tatu za kwanza nilijikuta meno yameumana. Ya nne bega likashuka lenyewe, nikasikia mikono yote miwili imelala mapajani, na nikaona aibu, kama mtu aliyesinzia kanisani. Aliposema jaribu, nikanyosha. Vidole viwili vilisogea, kikombe hata sikukigusa.

Akanionyesha. Wakati wa kupumzika ubongo umepoa. Wakati wa kujaribu, upande wa kushoto, ule unaoongoza mkono wa kulia, paliwaka padogo pekundu, kama kaa lililofukiwa majivuni.

"Sikuahidi kitu," akasema. "Hii haisemi mkono utapona. Inasema unapojaribu, hapa pana kazi inafanyika."

Nikaomba anipe hiyo picha. Nilitaka nimpelekee nyapara nimbandikie usoni: tazama, mtu anayejifanya anawaka hivi? Akakataa, picha ni za utafiti. Nikatoka bila kuaga. Kesho kutwa nitamwomba radhi, lakini si leo.

Njiani, mtaa wa Mwanga, nilimkuta Zabroni, Muha wa Simbo niliyekuwa nabeba naye. Nikamsimulia. Alicheka mpaka akashika nguzo ya duka.

"Ndugu yangu Mnyiramba! Watu wanaiba muda wa kazi wapumzike. Wewe unaiba muda wa kupumzika ufanye kazi!"

Nikamtukana. Akaendelea kucheka. Halafu akauliza kama mama watoto ameshaambiwa, nikamwambia bado, naye akaacha kucheka.

"Huko nako unajikaza," akasema, akaenda zake.

Nimekaa na neno hilo tangu saa tisa. Linaniudhi kwa sababu ni kweli. Miezi mitano nashikilia simu kwa mkono wa kushoto na kumwambia mke wangu niko mzima, nimechoka tu kidogo. Kila nikikata, taya linauma.

Kimebaki kipimo kimoja, mwisho wa Oktoba. Daktari kasema mazoezi atanifundisha, niyaendeleze popote nitakapokuwa.

Jua halijazama. Nikimaliza mstari huu nampigia Mama Neema, namwambia yote, na akilia nitamngoja amalize.

Nitarudi Iramba wiki ya kwanza ya Novemba, kabla ya mvua ya kupandia alizeti. Mkono utakuja jinsi ulivyo.