Umenishtaki kwa Mungu

Baba watoto,

Bado uko bafuni, nami nachelewa kazini. Maharage yako jikoni, yapashe tu, usiongeze chumvi. Shati lako la kikao nimelipiga pasi. Maji ya ndoo ya bluu ni ya kunywa, msioshee vyombo.

Nilishafika mlangoni, nimerudi. Moyo umekataa kutulia.

Jana nilikwambia tukiwa wawili tu: yule mama anayefagia kanisa hakustahili umfokee mbele ya kwaya kwa sababu ya viti visivyopangwa. Wewe ni mzee wa kanisa, nenda kamwombe radhi. Nikadhani yamekuingia. Kumbe ulikuwa unayahifadhi kwa maombi ya asubuhi. Watoto wamefumba macho, nawe unamwambia Mungu, "Mfundishe mama wa nyumba hii kuufunga mdomo wake." Kitindamimba akafumbua jicho moja akanitazama. Nikaitikia amina pamoja nao. Ningefanyaje?

Mume wangu, ukiwa na neno nami, niambie mimi. Mungu usimfanye tarishi.

~~Msiningoje kula.~~ Ningojeni, nitachelewa kidogo tu. Dawa ya kikohozi ya mdogo iko juu ya kabati.

Yule mama yuko kanisani asubuhi yote, anapiga deki. Ukipita kwake, yameisha. Usipopita, kumbuka kesho zamu ya kuomba ni yangu, na mdomo wangu bado haujafundishwa kufungwa.

Mama wa nyumba hii